Ikoma, Mji Uliohama na Jina Lake

Katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, karibu na lango la hifadhi liitwalo Lango la Ikoma, kipo kijiji kidogo, jina lake Robanda. Pande zake nyingi zimepakana na mapori yaliyokatazwa, na wageni waendao kutazama nyumbu na simba hukipita kwa motokaa wala hawashuki. Kwao Robanda ni vumbi, maduka machache, watoto wapungao mikono, kisha basi. Mimi nataka kuwaeleza wasomaji habari za mahali hapo, kwa sababu naona sisi walimu tumezifundisha vibaya.

Mwaka mmoja niliwapa watoto wa darasa la sita kazi ya kuandika habari za nchi yao tangu kale. Wengi walianza na Wajerumani waliojenga ngome ya mawe. Wengine walianza na Operesheni Vijiji. Mmoja, tena mwenye akili kuwapita wenzake, aliandika kwamba zamani hapakuwa na watu, palikuwa na wanyama tu, kisha watu wakaja kuwasumbua wanyama. Nilimwuliza nani aliyemwambia hivyo, naye akashangaa kuulizwa, maana neno hilo alilisikia kila mahali. Babu yake alizaliwa huko huko aliposema hapakuwa na mtu. Basi nikaona kosa si la mtoto.

Kwanza tutazame jina. Ikoma si jina la kilima wala la mto, ni jina la watu, nao Waikoma walipohama walihama nalo. Ndiyo maana mtu akiuliza, "Ikoma ni wapi?" ataonyeshwa mahali zaidi ya pamoja: ngome ya Wajerumani huitwa Ikoma, lango la hifadhi huitwa Ikoma, na wazee nao watataja makao ya zamani ambayo leo hayana hata kaburi lionekanalo. Robanda ni makao yao ya siku hizi. Kwa umbo lake neno hili lafanana na neno letu uwanda, maana kiambishi ro- katika lugha za huko ndicho kile kile ambacho katika Kiswahili cha kale kilikuwa lu-, kisha kikabaki u- tu. Na b yao imeanguka kwetu ikawa w. Jambo la ajabu ni kwamba neno Serengeti nalo, ambalo husemwa limetoka katika Kimasai, siringet, lina maana ya uwanda usio na mwisho. Mataifa mawili yalitazama nchi moja, mmoja akiitazama toka mashariki na mwingine toka magharibi, na kila mmoja akaona uwazi. Lakini mwenye kuita mahali uwanda hakusema kwamba ni pa bure.

Kikoma ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kinata na Kiishenyi, hata wataalamu wa lugha wamezoea kuziweka tatu hizi pamoja kama lugha moja yenye lafudhi mbalimbali. Kikurya cha Tarime ni binamu yake, na Kingoreme kipo katikati. Wazee wa Ikoma husimulia kwamba asili yao ni mwindaji aliyetoka Sonjo, ng'ambo ya uwanda, upande wa mashariki. Wasonjo, ambao pia huitwa Watemi, mpaka leo husema lugha ya Kibantu ijapokuwa wamezungukwa na Wamasai. Wanata nao husimulia habari za mwanamume mwindaji, Nyamunywa, na mwanamke mkulima, Nyasigonko, ambao walikutana, nyama na nafaka zikakutana, na kabila likawa. Hadithi hizi si za kuhesabia miaka. Hata hivyo zaeleza jambo moja ambalo macho yathibitisha: watu hawa waliishi mpakani pa mashamba na mbuga, wakila mtama na ulezi kwa mkono mmoja na nyama ya porini kwa mkono wa pili. Nao hawakuwa peke yao. Walikaa pamoja na Watatoga wafugaji, na walifanya biashara na Wasukuma, wakipeleka mikia ya nyumbu, iliyotumika katika ngoma, na kupata mbuzi na majembe ya chuma. Mbuga kwao ilikuwa shamba jingine.

Desturi za makazi yao zataka kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu asiyezifahamu hatafahamu jinsi kabila liwezavyo kuhama bila kupotea. Nchi ya watu wamoja huitwa ekyaro, neno lile lile ambalo Wakurya hulitamka ikiaro. Ukoo huitwa ekehita, nayo maana yake ni mlango, lango la boma la ng'ombe. Hapa msomaji wa pwani atatabasamu, maana Waswahili nao husema mtu ni wa mlango wa fulani. Zaidi ya ukoo ipo rikora, yaani kizazi. Makora haya yamegawanyika katika mistari miwili, Saai na Chuma, na kila mstari una majina yake yazungukayo. Kwa Wakurya, mstari wa Saai una Abasaai, Abanyamburiti, Abagamunyere na Abamaina. Mstari wa Chuma una Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Mtoto haingii rikora ya baba yake, bali ile ifuatayo katika mstari wake, hata baada ya vizazi vinne jina hurudi. Kwa njia hiyo mtu mmoja huchukua jina la babu wa babu yake, na mgeni atokaye mbali, akiisha kutaja rikora yake, hujulikana mara moja nani amwite baba na nani amwite ndugu. Mwenye vitu hivi viwili, mlango na rikora, aweza kuliacha jiwe aliloketi na kwenda kuketi juu ya jiwe jingine, asipungukiwe na kitu.

Tena mpaka wa ekyaro haukuwekwa kwa nguzo. Ulifanywa kwa miguu. Wenye zamu walitembea kuizunguka nchi, wakiweka dawa ya kinga iitwayo orokoba, na nchi iliyozungukwa hivyo ndiyo iliyokuwa nchi yao. Watu wakihama, mzunguko ulihama. Nimeona baadhi ya waandishi wakiyataja mambo haya katika mstari mmoja chini ya neno "uchawi" kisha wakapita. Wangalikaa kidogo wangalitambua kwamba wanasomewa hati ya ardhi.

Sasa nije kwenye msiba ulioivunja nchi ya kale. Karibu na mwaka 1890 sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiohesabika. Wamasai waliachwa bila chakula. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro na uwanda wa Serengeti mwaka 1892 akielekea ziwani, aliandika jinsi alivyowaona Wamasai waliobaki mifupa na ngozi. Ndui ikafuata, na vita vya kunyang'anyana vilivyobaki, na njaa. Katika nchi za magharibi ya Serengeti njaa moja ya miaka ile hukumbukwa kwa jina la Njaa ya Miguu, kwa kuwa watu walikwenda kwa miguu mpaka Usukuma kutafuta nafaka, na wengine waliwaacha watoto wao huko ili wapone. Koo zilichanganyika. Hapo ndipo Waikoma, Wanata na Waishenyi walipobadili mpango wao wa kukaa: badala ya kila ukoo kukaa mahali pake, vijana wa saiga moja, yaani rika la tohara, walikaa pamoja ili kujilinda, na nchi ikagawanyika kwa majina ya marika, Busaai, Bongirate na Borumarancha. Waishenyi waliacha makao yao ya kale ya Nyeberekera, ambayo leo yamo ndani ya hifadhi.

Kisha jambo la pili likafuata kimya kimya. Ng'ombe na wanyama wa majani walipokufa na watu walipoondoka, hapakuwa tena na wa kulisha majani wala wa kuchoma moto na kukata miti. Vichaka vikaota, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Penye mbung'o hapakai ng'ombe, na pasipokaa ng'ombe hakai mtu wa ng'ombe. Basi Wazungu walipofika kupima nchi, walikuta pori nene mahali palipokuwa malisho, wakaandika: pori. Waliandika walichokiona. Hawakuuliza lina umri gani.

Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walijenga ngome yao ya Ikoma katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, juu ya kilima, kuta nene za mawe, ili kuitazama nchi na kuwazuia wanyang'anyi wa ng'ombe. Utawala wake ulikuwa chini ya Mwanza. Mawe yale yamepata sifa kubwa kuliko umri wao, kwa maana enzi ya Wajerumani pale haikutimiza miaka 20. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia walikuwa wamekwisha kuondoka, lakini walirudi kwa muda mfupi na kwa njia ya ajabu. Mwaka 1917 kikosi kimoja cha askari wao kilijitenga na jeshi kuu lililokuwa kusini, kikageuka kwenda kaskazini. Mkuu wake wa kwanza, Wintgens, aliugua akajitoa kwa adui mwezi wa Mei. Mwenzake Heinrich Naumann akaendelea, akavuka reli ya kati, akafika Ikoma. Mwisho wa Juni 1917 jeshi la Wabelgiji lilimshambulia pale ngomeni, likashindwa na kurudi nyuma. Naumann akaondoka kwenda mashariki, na baada ya miezi michache akashikwa. Hivyo Waikoma waliona Wajerumani wakipigana na Wabelgiji juu ya ngome iliyo katika nchi ambayo sasa ilikuwa inaelekea kuwa ya Waingereza. Habari zake zimo vitabuni kwa kirefu. Wapagazi waliochukua mizigo, na wenye nafaka iliyoliwa na majeshi yote mawili, hawakuandikiwa.

Katika nusu ya kwanza ya karne hiyo dhahabu pia ilichimbwa katika nchi hiyo, mahali palipoitwa Kilimafeza. Nataja jina hili kwa ajili ya lugha tu. Ni Kiswahili kitupu, tena Kiswahili cha wale wasemao feza, si fedha, na kimekaa katikati ya mbuga mbali sana na bahari. Ramani za nchi hii zimejaa majina ya namna hii, na kila moja limelala juu ya jina la zamani.

Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliwekwa. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa: Ngorongoro ilitengwa, na upande wa kaskazini ukaongezwa kuelekea mpaka wa Kenya. Mwaka huo huo Bernhard Grzimek, Mjerumani, aliyefanya kazi pamoja na mwanawe Michael ya kuhesabu wanyama kwa ndege, alitoa kitabu na sinema vilivyoifanya Serengeti ijulikane duniani kote. Michael alikwisha kufa katika ajali ya ndege mwezi wa Januari. Siwalaumu watu hawa kwa upendo wao wa wanyama, wala sisemi hifadhi haikufaa. Pasipo hifadhi huenda leo tungekuwa tunawaonyesha watoto picha ya nyumbu kama tuwaonyeshavyo picha ya nyangumi. Lakini dunia ilijifunza kwao kwamba Serengeti ni nchi ya kale isiyoguswa na mwanadamu, na hilo ndilo neno lililomfikia mwanafunzi wangu wa darasa la sita.

Sasa tazameni hesabu hii. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kuwa kama 260,000. Mwaka 1977 walikuwa karibu milioni 1.4, na tangu hapo wamedumu katika kiasi cha zaidi ya milioni moja. Walitoka wapi? Ng'ombe wa wafugaji walio kando ya hifadhi walikuwa wamechanjwa dhidi ya sotoka. Ugonjwa ulipokoma katika ng'ombe ulikoma na katika nyumbu, na ndama waliokuwa wakifa kila mwaka wakaishi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Kwa hiyo lile kundi kubwa livukalo mto Mara, ambalo wageni huambiwa ni mambo ya tangu kuumbwa kwa nchi, limekua katika maisha ya watu walio hai, na lilikua kwa sababu ng'ombe wa watu walichomwa sindano. Tangu siku za sotoka, hali ya wanyama na hali ya watu hazikuachana hata siku moja.

Lugha nayo ilibeba mabadiliko hayo. Baba wa Kikoma aliyetoka na upinde na mishale ya sumu alikuwa mwindaji, naye aliporudi na nyama alipokewa kwa vigelegele. Mwanawe akitoka na upinde ule ule, kwa njia ile ile, aitwa jangili. Neno hili limetoka katika lugha za Kihindi, na asili yake ni mtu wa porini. Mtu akakatazwa pori, na papo hapo akapewa jina la pori. Sitetei wale wauao tembo kwa ajili ya meno na kuuza kwa magendo. Hao ni wezi, na Waikoma wenyewe hawawapendi. Nasema tu kwamba maneno mawili yasitumiwe kana kwamba ni moja.

Baada ya uhuru mambo hayakutulia. Mwaka 1973 amri ilitoka kwamba watu wote wa bara wakae katika vijiji, na katika miaka iliyofuata kaya zilizotawanyika zilikusanywa. Robanda ya leo, yenye nyumba zilizokaribiana, ilipata umbo lake katika wakati huo. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakawekwa, na nafasi ikazidi kuwa nyembamba. Katika miaka ya 2000 vijiji vitano, nayo Robanda ikiwa kimojawapo, viliungana katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori iitwayo Ikona, ili sehemu ya fedha za wageni iwafikie wenyeji. Jina hilo limeshonwa kwa vipande viwili, mwanzo wa Ikoma na mwanzo wa Nata. Faida yake wenyeji huibishania, na tembo waingiao shambani usiku hawasomi mkataba. Walakini jambo moja limepatikana: kwa mara ya kwanza tangu ramani zianze kuchorwa, mwenye kuingia katika pori lile hana budi kuuliza wenyeji.

Nimeacha kwa makusudi, mpaka sasa, kitu ambacho Waikoma wenyewe wangekitaja kwanza. Ni Machaba, meno mawili ya tembo. Husimuliwa kwamba wazee wa Ikoma, walipokuwa katika dhiki, walikwenda kwa nabii wa Kitatoga kutafuta shauri, na meno hayo yakapatikana kwa neno lake, nayo yakawa uzima wa kabila lao. Hutunzwa na walinzi waliowekwa, hayaonyeshwi ovyo, na hutolewa katika sherehe zao. Fikirini: kabila la Kibantu, lisemalo kwamba limetoka Sonjo, kitu chake kitukufu kimetoka kwa Watatoga, watu wa lugha nyingine kabisa. Nani atakayesema tena kwamba makabila haya yalijua kupigana tu? Na zaidi ya hayo, meno ya tembo huchukulika. Ngome ya Wadachi haikuweza kuhama. Ilipoachwa ilibomoka, ikatumika baadaye kupokea watalii, kisha ikaachwa tena. Machaba yalihama pamoja na watu kila walipohama, na mahali yalipolazwa ndipo palipokuwa Ikoma.

Niliirudisha ile kazi kwa watoto, nikawaambia wasiandike neno mpaka wamewauliza bibi na babu zao mambo matatu: mlango wao, rikora yao, na majina ya mahali walipochota maji kabla ya kuja kijijini. Daftari zilirudi zimejaa. Majina mengine sikuyaweza kuyaandika, kwa kuwa Kikoma kina irabu saba na herufi zetu ni tano, ikawa watoto wenyewe kunisahihisha kwa kutamka mara tatu. Yule aliyeandika kwamba hapakuwa na watu alileta majina mengi kuwapita wote. Alikuwa ameyapanga kwa kufuata kijito kimoja, toka chini kwenda juu, kama bibi yake alivyompeleka kwa maneno akiwa ameketi penye kivuli cha nyumba. Na penye jina la mwisho aliandika kwa kalamu ya risasi kwamba hapo ndipo babu alipozaliwa, na kwamba siku hizi huonekana kwa mbali tu, toka barabarani.